Kupanga upya banda la gari lililojaa: mwongozo kwa nyumba za Nyanda za Juu Kusini

Pita jioni mitaa ya Uyole, Ilomba, Kihesa au Mafinga. Utaona magari yamelala nje, yamefunikwa turubai, na hatua chache pembeni kuna banda zuri la gari lenye mlango wa chuma. Ndani ya banda kuna mahindi. Kuna pia mbolea iliyobaki, bomba la kupulizia dawa, madumu, tairi, mbao za paa lililoezuliwa zamani, baiskeli ya mtoto aliyekwishamaliza chuo, na tranka ambalo hakuna anayekumbuka lililetwa na nani.

Huku kwetu banda ndilo ghala la familia, na ghala likiwa ndani ya geti watu wanalala usingizi. Kwa hiyo ule ushauri wa kutupa kila usichokigusa kwa mwaka hautusaidii sana. Bomba la dawa linaweza kukaa miezi mingi bila kuguswa, na chaga tupu (jukwaa la mbao la kuwekea magunia) huonekana takataka hadi siku magunia yanaposhushwa. Swali la kuuliza juu ya kila kitu humo ndani ni moja: kimekaa jirani na nini? Katika nyumba nyingi chakula cha mwaka mzima kimelala ubavuni mwa sumu na petroli, na watoto wanaingia humo kuchukua mpira. Hatua zote zinazofuata zimepangwa kwa kufuata swali hilo.

Hatua ya 1: Chagua wakati

Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na mahindi mapya huingia ndani kati ya Juni na Agosti. Wakati mzuri kuliko wote ni mwisho wa Mei, magunia ya zamani yakiwa yamepungua na mapya hayajafika. Ukiukosa huo, subiri Septemba au Oktoba. Wa Rungwe na Tukuyu, ambako mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka na haina haraka ya kuondoka, wategemee Septemba moja kwa moja.

Tenga siku mbili mfululizo. Siku moja haitoshi kwa banda lililojaa, na ukikatisha kazi katikati vitu vitarudishwa ndani usiku kwa hofu ya wezi, vikiwa vimechanganyika kuliko mwanzo. Tafuta vijana wawili wa kubeba, na mtu mzima mmoja mwenye mamlaka ya kusema "hiki kitoke" bila kupiga simu kwa kila kitu.

Hatua ya 2: Waulize wenye vitu

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayokwamisha kazi. Sehemu kubwa ya vilivyomo bandani si mali yako. Fremu ya kitanda ni ya shemeji aliyehamishiwa Songea kikazi. Cherehani ni ya bibi. Masanduku ni ya mdogo wako aliyesema atarudi baada ya wiki mbili. Vitu vya ndugu vina heshima yake, na tranka lililouzwa bila mwenyewe kujua linaweza kuzungumzwa kwenye vikao vya ukoo kwa miaka.

Wiki tatu kabla, ingia na kalamu na daftari, andika kila kitu cha mtu na jina la mwenyewe, kisha piga picha. Mtumie kila mmoja picha yake na ujumbe mfupi wa adabu, wenye tarehe na njia za kuchagua. Kwa mfano: "Shikamoo mjomba. Mwisho wa mwezi tunasafisha banda. Tranka lako la bluu na zile mbao nane bado zipo salama. Tunaomba utuelekeze kama utavifuata, tukutumie kwa basi, au tumpe mtu hapa. Tukipata jibu kabla ya tarehe 20 tutashukuru." Usiulize tu "tufanyeje?" Swali hilo linajibiwa "acheni kwanza", na utarudi ulipoanzia.

Asiyejibu mpigie. Akisema viendelee kukaa, basi vikae kwa masharti yako: vyote kwenye tranka moja au rafu moja, vikiwa na jina lake.

Vitu vya marehemu ni jambo la peke yake. Kama mirathi haijafungwa, mwenye kauli ni msimamizi wa mirathi, hata kama kitu kimekaa kwako miaka kumi. Kama imefungwa, waite wahusika waje waone kabla ya siku ya kazi. Nimeona familia zikichukua mchana mzima kwenye koti moja na redio ya mzee, na sioni kama muda ule ulipotea. Wape watu nafasi hiyo mapema, vijana wa kubeba wakiwa hawajafika, ili pasiwe na mtu anayeharakishwa.

Hatua ya 3: Jilinde kabla ya kugusa

Fungua milango yote, uache hewa ipite nusu saa. Vaa glavu, viatu vilivyofunika miguu na barakoa. Kabla ya kuingiza mkono nyuma ya lundo, gonga kwa fimbo ndefu. Nyoka na nyuki wanapenda sehemu zisizosogezwa.

Mavi ya panya usiyafagie yakiwa makavu. Vumbi lake likipanda hewani unavuta maradhi. Changanya sehemu moja ya Jik na sehemu tisa za maji, lowesha pale yalipo, subiri dakika tano au zaidi, kisha futa kwa tambara la kutupa. Kazi yote ifanyike hivyo, hata kama inachelewesha.

Hatua ya 4: Sumu na mafuta yatoke kwanza

Kabla ya godoro, kabla ya tairi, toa vitu hivi. Viweke nje kwenye kivuli, mbali na jiko, na mtu mzima avisimamie.

Anza na dawa za shamba. Tafuta hasa chupa za soda na za maji zenye kimiminika usichokitambua. Katika nyumba za wakulima watoto wamekunywa dawa kwa sababu ilimiminwa kwenye chupa waliyoizoea. Kitu kisicho na lebo kihesabu kuwa ni sumu. Usikinuse ili kukitambua. Dawa zilizokwisha muda au zisizojulikana usizichome, usizifukie na usizimwage mferejini. Mweleze afisa ugani wa kata, au uliza ofisi ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Makopo matupu yasuuze mara tatu, maji ya kusuuzia yaingie kwenye bomba la dawa unapopuliza shambani, kisha toboa kopo ili pasiwe na mtu wa kulichotea maji.

Dawa zitakazobaki zitengenezewe sanduku la chuma lenye kufuli. Fundi wa kuchomelea atalitengeneza kwa mabati ya vipande. Lifunge ukutani nje, chini ya upenu, mahali mtoto hafiki. Ndani yake vimiminika vikae chini na dawa za unga juu, ili chupa ikivuja isiharibu nyingine. Bomba la kupulizia na nguo za kupulizia vikae huko huko nje.

Vidonge vya kufukiza nafaka vinahitaji onyo la peke yake. Vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo inaua watu waliolala chumba cha pili. Banda lililoshikana na nyumba si mahali pa kuvitumia wala kuvitunza.

Mbolea nayo ina tabia zake. UREA hunyonya unyevu na kuwa jiwe. CAN ina naitreti ya amonia, ambayo huupa moto nguvu, kwa hiyo isikae na dizeli, mkaa au maranda ya mbao. Mifuko iliyofunguliwa itie kwenye ndoo zenye mifuniko, andika jina kwa maka peni, uiweke ukuta wa mbali kabisa na chakula. Ukiwa na stoo nyingine hata ndogo, mbolea ndiyo ya kwanza kuhamia huko.

Mtungi wa gesi ya kupikia utoke nje. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatulia sakafuni ikisubiri cheche ya kuwasha gari au swichi ya taa. Usimamishwe wima kwenye kibanda chenye matundu. Petroli ya msumeno na jenereta inunuliwe kwa kadiri ya kazi, maana mvuke wake nao unatambaa chini, na ikikaa miezi mingi inaharibika. Vitambaa vilivyolowa oili au vanishi visirundikwe pembeni. Vianike nje vikauke vikiwa vimetandazwa, kwa kuwa lundo lake, hasa la vanishi, linaweza kupata joto lenyewe na kuwaka.

Hatua ya 5: Toa vyote, amua ukiwa nje

Tandaza maturubai uwanjani na utoe kila kitu kilichobaki. Kupanga ukiwa ndani hakufanikiwi, unahamisha lundo kutoka pembe hii kwenda ile tu. Magunia ya mahindi yapate turubai lake, juani, mbali na mengine.

Hapa maamuzi mengi ni mepesi, kwa hiyo nitataja yale yanayowasumbua watu.

*Tairi.* Ubavuni kuna herufi DOT na mwishoni tarakimu nne. 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Iliyopita miaka kumi usiifunge kwenye gari hata kama meno yake yamesimama, mpira umezeeka. Ile nzuri isiyo na ringi isimamishwe wima, yenye ringi ilazwe. Zisikae nje zikishika maji ya mvua, mbu watazaliana.

*Betri zilizokufa.* Zina risasi na asidi. Zisimamishwe wima kwenye beseni la plastiki hadi uziuze kwa mnunuzi anayezichukua nzima. Asiwepo mtu wa kuzipasua nyumbani kwako kutafuta risasi.

*Vyuma chakavu.* Tenganisha kabla mnunuzi hajaja. Sumaku inashika chuma, haishiki shaba wala aluminiamu, na shaba ina bei kubwa mara nyingi zaidi. Ukiviuza kwa lundo moja, vyote vitapimwa kwa bei ya chuma.

*Spea za gari.* Kama gari liliuzwa, spea zake hazina kazi kwako. Zipeleke kwa mafundi wa gari hilo. Pale Mwanjelwa au Ipogolo hutachukua muda kumpata mwenye shida nazo. Spea za gari ulilonalo zitie kwenye ndoo moja iliyoandikwa.

*Saruji.* Mfuko uliokaa zaidi ya miezi mitatu umepoteza sehemu ya nguvu. Ikiwa na mabonge yasiyovunjika kwa vidole, itoe. Ikiwa bado ni unga, itakufaa kesho kwenye kuziba matundu.

*Mbao za zamani.* Hapa naomba uwe mkali. Dumuzi, yule mdudu aliyeingia nchini na kuonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, hatafuni mahindi peke yake. Kwa asili ni mtoboaji wa mbao, na anaweza kuishi kwenye mbao kavu akisubiri mavuno. Mbao zenye vitundu na unga mwembamba zisirudi kwenye banda lenye chakula. Zitumie kama kuni mapema. Mabua na magunzi ya mwaka jana yafuate njia hiyo hiyo.

Nguo, vyombo na vitanda vyenye afya vitafutie watu siku hiyo hiyo, wakati kirikuu au guta lipo. Kinachosubiri "siku tukipata usafiri" kitalala bandani. Nyaraka zozote utakazozikuta, kadi ya gari, hati ya kiwanja, vyeti, ziingie ndani ya nyumba sasa hivi.

Hatua ya 6: Sakafu, matundu na paa

Banda likiwa tupu, simama ndani mchana, funga mlango, angalia mwanga unapoingia. Kila mwanga ni njia. Panya mdogo anapita kwenye tundu linalopitisha kalamu ya risasi. Jaza tundu kwa stili waya ya kusugulia sufuria, kisha ziba kwa saruji. Chini ya mlango kata ukanda mrefu wa tairi kuukuu, uufunge kwa skrubu hadi uguse sakafu.

Fuata njia za udongo za mchwa kutoka sakafuni kupanda ukutani, zibomoe na uangalie kama zinarudi kesho yake. Kama zinarudi, mwite fundi wa dawa kabla ya kuweka mbao yoyote.

Usisahau bati. Juni na Julai, usiku wa baridi, mvuke unaganda chini ya bati lisilo na dari na asubuhi unadondoka. Watu hulalamika kwamba paa linavuja, wakati ni umande wa ndani. Matundu mawili ya hewa karibu na paa, yenye wavu wa chuma, yakitazamana kwenye kuta mbili, yanapunguza tatizo hilo sana.

Hatua ya 7: Chora gari sakafuni

Chukua chaki na futi. Tuseme banda lako ni mita 3 kwa 6, na gari ni Toyota IST, ambayo ina urefu wa chini kidogo ya mita 3.9 na upana wa mita 1.7. Chora mstatili wa gari. Upande wa dereva acha sentimita 70 za kufungulia mlango. Upande wa pili zinabaki kama 60, zinazotosha rafu nyembamba ya sentimita 40 bila kukwangua kioo cha pembeni, ukiingia kwa uangalifu. Nyuma ya banda zinabaki zaidi ya mita 2.

Kwenye hizo mita 2 acha nusu mita kutoka ukuta wa nyuma, weka chaga yenye kina cha mita 1 na upana wa mita 2, uache nusu mita kila ubavu. Magunia matatu yanalala sambamba, na ukipanga hadi safu ya tano umeweka 15. Kama mavuno yako ni magunia 40, namba hizi zinakuambia ukweli mapema: gari litalala nje hadi Desemba, na banda lipangwe kama ghala kamili. Ni uamuzi mzuri tu, mradi umeufanya kwa kupima.

Hatua ya 8: Chaga na rafu

Mbao ya paina hapa haina gharama ya kutisha, tuko karibu na msitu wa Sao Hill, na mabanzi ya viwanda vya Mafinga yanatosha kabisa kwa chaga. Chaga inyanyuke sentimita 15 kutoka sakafuni ili ufagio upite chini yake. Gonga kila msumari hadi kichwa kizame, msumari uliotokeza utatoboa mfuko.

Kwa rafu, tumia mbao za 2 kwa 4 za kusimama, na mbao mbili za 1 kwa 8 zilizolazwa pamoja. Zinakupa zile sentimita 40, kina kinachopokea ndoo ya lita 20. Kutoka rafu hadi rafu acha sentimita 50. Ifunge rafu ukutani, juu na katikati. Mbeya iko kwenye Bonde la Ufa na ardhi hutikisika mara kwa mara. Rafu iliyosimama yenyewe ikiwa na ndoo za misumari juu ni hatari hata bila tetemeko, mtoto akiipanda.

Majembe, reki, sepetu na panga vining'inizwe kwa misumari miwili miwili, makali yakitazama ukuta. Vitu vidogo vikae kwenye ndoo za rangi zilizooshwa, zenye maandishi ubavuni, maana mfuniko hubadilishwa.

Hatua ya 9: Chakula kirudi kikiwa kikavu

Mahindi yajaribiwe kwa chumvi. Tia konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo kwenye chupa kavu ya kioo, funga, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi bado mabichi, yarudi juani. Yakiwa makavu, mfuko wa tabaka tatu usioingiza hewa unalinda bila dawa, ukifungwa kila tabaka peke yake. Ukitumia dawa ya unga, fuata kipimo cha lebo na uandike tarehe kwenye gunia.

Viazi mviringo vya kula viwe gizani, mwanga unavifanya vya kijani na vyenye sumu. Vya mbegu vinataka kinyume chake: trei iliyo karibu na mwanga hafifu, ili vichipue vifupi na vinene. Visikae pamoja.

Madumu ya ulanzi (pombe ya mianzi) kwa wenzetu wa Iringa yasifungwe kwa nguvu, na yasikae juu ya rafu. Yakichacha yakapasuka, kila kilichopo chini kimelowa.

Hatua ya 10: Gari liingie

Liingie mwisho, kwa kurudi nyuma, mtu akikuongoza mara ya kwanza. Linalovuja mafuta lisilale humo mpaka fundi amelitengeneza. Asubuhi za baridi lipashe nje, kamwe usiwashe injini mlango ukiwa umefungwa, na jiko la mkaa lisiingizwe humo hata kwa dakika chache; gesi ya sumu inayotoka humo, kaboni monoksidi, haina harufu.

Kisha bandika nyuma ya mlango karatasi yenye mambo matatu: mpango wa sakafu ulivyochora, orodha ya vitu vya ndugu na majina yao, na jina la mtu mmoja wa nyumbani anayeshika ufunguo wa sanduku la dawa. Atakayeleta kitu cha kutunziwa aandikwe hapo siku hiyo hiyo, pamoja na tarehe atakayokifuata.